Jina la Ubaoni na Jina la Makaratasini

Mama mwenzangu, ukifika Kariakoo ukaulizia duka letu kwa jina lililoandikwa kwenye cheti cha kampuni, utazunguka mpaka jua lizame. Wasukuma mikokoteni hawalijui. Mama lishe wa jirani, ambaye amekuwa akitupikia chakula cha mchana kwa miaka mingi, halijui. Lakini ukisema, "Natafuta kwa Mama Upendo, wanaouza sare za shule," hata mtoto atakushika mkono akufikishe mlangoni.

Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa fahari yangu. Sikujua kwamba siku moja lingenitoa jasho mbele ya dirisha la benki. Wala sikujua kwamba jasho hilo ndilo lingenifumbua macho nione jambo kubwa zaidi, lililokuwa limelala kimya ndani ya kabati la chumba changu mwenyewe. Nayaandika haya kwa ajili yako wewe mke na mama, unayefanya biashara na mumeo, au unayefikiri kuanza.

Cherehani moja barazani

Mwaka 1996 mume wangu alipunguzwa kazi katika shirika la umma alilolitumikia miaka kumi na mmoja. Wanaokumbuka miaka ile wanajua kwamba hakuwa peke yake. Mashirika mengi yalikuwa yakibinafsishwa au kufungwa, na akina baba wengi walirudi nyumbani na bahasha mkononi, wasijue waanzie wapi. Upendo, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miaka mitatu.

Nilikuwa na cherehani ya miguu niliyopewa na mama yangu siku ya kuagwa kwangu. Nikaomba nafasi barazani kwenye nyumba moja ya Mtaa wa Sikukuu, nikaanza kushona sare: sketi na kaptula za bluu, na mashati meupe. Mume wangu ndiye aliyekwenda kununua vitambaa, akirudi na jora begani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Upendo alishinda miguuni pangu akichezea vipande vya nguo.

Wateja wangu walikuwa akina mama kama mimi. Hawakuwa na haja ya kujua jina langu la ubatizo wala la ukoo. Walimwona mtoto, wakaniita Mama Upendo. Wakaambiana wao kwa wao, "Nenda kwa Mama Upendo, mshono wake hauachii." Tulipopata fremu yetu ya kwanza mwaka 2001, fundi wa mabango alisimama na brashi yake akauliza, "Niandike nini?" Mume wangu akacheka, akamjibu, "Andika wanavyotuita." Naye akaandika kwa rangi nyekundu: MAMA UPENDO, SARE ZA SHULE.

Hakuna aliyefikiri kwamba jina ni kitu cha kuandikishwa mahali. Na kwa nini tufikiri hivyo, wakati hata mtaa wetu umelipata jina lake kwa namna hiyo hiyo? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps kilipiga kambi hapa. Watu wakalitamka jina hilo kwa midomo yao, likawa Kariakoo, na mpaka leo hakuna anayelitumia lile la kwanza. Jina ambalo watu wanalitamka ndilo linaloishi.

Ndivyo nilivyoamini.

Saini mbili

Mwaka 2007 shule moja ya bweni ilitaka tuishonee sare za wanafunzi wote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Lakini mkuu wa shule alisema, "Sisi hatuingii mkataba na mtu mmoja mmoja. Tunataka kampuni iliyosajiliwa."

Wakati huo nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa tatu kwa upasuaji, nami nilikuwa bado nimelala. Mume wangu alishughulikia kila kitu. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, ilitaka wenye hisa wasiopungua wawili. Basi akamwita mdogo wake, wakaenda kwa wakili, wakatia saini. Kampuni ikapewa jina la ukoo wao, na mwishoni likawekwa neno Limited. Jioni alinionyesha cheti, nasi tukamshukuru Mungu.

Nilimwuliza, "Na mimi je?"

Akanijibu, "Wewe pumzika kwanza, Mama Upendo. Nitakuingiza baadaye."

Sikuwa na wasiwasi. Bango lilikuwa na jina langu. Mafundi walinisikiliza mimi. Fungu la funguo lilikuwa kiunoni mwangu. Cheti kikatiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikawekwa kabatini chini ya mashuka, na maisha yakaendelea.

Tangu siku hiyo duka letu likawa na majina mawili. Lile la ubaoni lilileta wateja. Lile la makaratasini lilikuwa kwenye akaunti ya benki, kwenye leseni na kwenye namba ya mlipa kodi. Mashine za kutolea risiti za kodi zilipoanza kutumika nchini kuanzia mwaka 2010, nasi tukapata yetu, wateja wengine walishangaa. Mama mmoja aliyetoka Kilosa aliigeuza risiti huku na huku, akasema, "Dada, mimi nimenunua kwa Mama Upendo. Mbona umenipa risiti ya mtu mwingine?" Nilimweleza, tukacheka, akaenda zake. Ilinipasa nijiulize swali lake badala ya kulicheka.

Hundi iliyorudi

Januari mwaka 2014 ndipo tulipoingia matatani. Wewe mama unaijua Januari. Kila mwezi una shida zake, lakini Januari ina ada, daftari, viatu na michango yote kwa pamoja. Kwetu sisi wa sare ni mwezi wa mavuno, ila mavuno hayo hutanguliwa na madeni, kwa kuwa vitambaa hununuliwa Novemba na Desemba.

Shule moja mpya kwetu, iliyoko mkoani Morogoro, ilipokea mzigo wake vizuri na kutulipa kwa hundi ya shilingi milioni 6 na laki 4. Niliipeleka benki mwenyewe. Kijana wa dirishani aliitazama, akatazama kompyuta yake, akaitazama tena.

"Mama," akasema kwa adabu, "hundi hii imeandikwa Mama Upendo Sare za Shule. Akaunti yako ina jina jingine kabisa. Siwezi kuiingiza."

"Mwanangu, Mama Upendo ni mimi. Muulize mtu yeyote hapo nje."

"Nakuamini, mama. Lakini karatasi haisemi hivyo. Mna cheti cha usajili wa jina hili la biashara?"

Sikuwa nacho. Nilisimama pale huku foleni nyuma yangu ikikohoa. Mhasibu wa shule hakuwa na kosa. Aliandika jina aliloliona kwenye bango na kwenye hati yetu ya kupokelea mzigo. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulifanya biashara kwa jina ambalo halikuwa limefungwa popote na kampuni yetu.

Ilituchukua wiki tano kupata hundi nyingine. Wiki hizo tano sitazisahau. Mwenye jora wa Mtaa wa Congo alikuja kila asubuhi akakaa kwenye benchi bila kusema neno, na kimya chake kiliniumiza kuliko matusi. Mafundi sita walisubiri mishahara. Mtoto wetu wa pili, aliyekuwa kidato cha pili, alirudishwa nyumbani kufuata ada. Nilimpa mume wangu pete yangu aiweke rehani, akakataa, tukakopa kwenye kikundi cha akina mama wa mtaani.

Niliyoyakuta Mtaa wa Lumumba

Katikati ya wiki hizo niliamua kwenda mwenyewe kuandikisha jina letu. Ofisi za BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, wakati huo zilikuwa kwenye jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipita mbele ya jengo lile na vifurushi vya vitambaa, nisijue kwamba ndani yake yamo majalada yanayosema nani ni nani katika biashara za nchi hii.

Afisa aliyenipokea alikuwa dada wa makamo. Alinieleza pole pole, nami nitakueleza kama nilivyomwelewa.

Kampuni, alisema, ni kama mtu mbele ya sheria. Ina jina lake, inaweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa. Jina la biashara si mtu. Ni vazi tu. Mtu mmoja anaweza kulivaa, wabia wanaweza kulivaa, hata kampuni inaweza kulivaa. Lakini ukifanya biashara kwa jina ambalo si lako halisi, Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, inataka uliandikishe, ili anayekukopesha, anayekulipa au mwenye malalamiko aweze kujua aliyevaa vazi hilo ni nani.

"Si jambo la aibu wala la ujanja," aliniambia aliponiona nimeinama. "Makampuni makubwa yanafanya hivyo. Hao unaowaita Tigo, jina lao la kampuni ni MIC Tanzania. Zamani tuliwaita Mobitel, tena wakawa Buzz. Bango linabadilika, kampuni ni ile ile."

Baadaye nilikuja kuona alivyosema kweli. Halotel walipoanza huduma mwaka 2015, kampuni iliyokuwa nyuma ya jina hilo ilikuwa Viettel Tanzania. Na Tigo wenyewe mwaka 2024 wakaitwa Yas, baada ya hata jina la kampuni yao kubadilika kuwa Honora. Chukua pia unga wa Azam jikoni kwako. Kwenye mfuko umesoma Azam, lakini nyuma ya jina hilo lipo kundi la makampuni ya Bakhresa. Tofauti ni kwamba wao wamefunga kamba kati ya jina moja na jingine. Sisi tulikuwa tumeziacha kamba zinaning'inia.

Yule dada akalitafuta jina letu kwanza. "Mama Upendo" peke yake lilikwisha kuandikishwa na mtu mwingine mwenye biashara tofauti. Kwa bahati, lilipoongezwa maneno "Sare za Shule" likakubalika. Nilitetemeka kufikiri kwamba jina la mtoto wangu mwenyewe lingeweza kunitoka kwa kuchelewa kwangu.

Kisha akasema, "Kwa kuwa mwenye jina atakuwa kampuni, fomu isainiwe na mkurugenzi. Wewe ni mkurugenzi?"

"Ndiyo," nikajibu bila kusita.

Akaomba jalada. Nililipia ada ndogo ya upekuzi, likaletwa. Akasoma, akanyamaza, akaligeuza upande wangu ili nisome mwenyewe. Hisa 100. Mume wangu 60. Shemeji yangu 40. Wakurugenzi ni hao hao wawili.

Jina langu halikuwapo. Si juu, si chini, si hata kwenye karatasi ya mashahidi.

Usiku wa mazungumzo

Nilitembea kwa miguu kutoka Lumumba hadi Sikukuu, sikusikia hata honi za magari. Nilifika mbele ya duka, nikalitazama bango. Herufi kubwa nyekundu: MAMA UPENDO. Nilijiona kama mtu aliyesimama mbele ya nyumba aliyoijenga, akaambiwa yeye ni picha tu ukutani.

Sitakuficha, mama mwenzangu, mawazo yaliyonijia hayakuwa mazuri. Nilifikiri kwamba nimedanganywa. Nilifikiri juu ya wajane niliowafahamu, waliotolewa madukani na ndugu wa mume kabla hata ya arobaini. Nilifikiri kumpigia simu shemeji yangu pale pale na kumwambia maneno ambayo yasingerudi.

Nashukuru kwamba sikufanya hivyo. Nilingoja watoto walale. Nikatoa bahasha ya kaki kutoka chini ya mashuka, nikaiweka mezani mbele ya mume wangu.

"Baba Upendo, leo nimelisoma jalada la kampuni."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilisema nitakuingiza baadaye."

"Miaka saba imepita."

"Nilisahau. Haki ya Mungu, nilisahau. Niliona duka ni lako, kila mtu anajua ni lako. Sikuona haja."

Nilimtazama usoni. Nimeishi naye, najua anapodanganya na anaposema kweli. Alikuwa anasema kweli. Na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba jambo la namna hii halihitaji mtu mbaya. Linahitaji tu watu wawili wenye shughuli nyingi na bahasha moja chini ya mashuka.

"Hata mimi sikuuliza tena," nikamwambia. "Kosa ni letu sote wawili. Lakini ukiondoka wewe leo, atakayebaki kwenye karatasi ni mdogo wako. Mimi nitakuwa mteja dukani kwangu."

Ni kweli kwamba sheria haijamwacha mke bila msaada. Tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke za nyumbani nazo ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Lakini shauri lile lilikuwa la wanandoa waliokwisha kuachana. Mimi sikutaka kufika mahakamani. Nilitaka tuliandike sawa sawa wakati bado tunakula sahani moja.

Shemeji naye alikuwa na haki yake

Wakati wa Pasaka shemeji yangu alikuja kutoka Tanga. Tulikaa kikao cha familia, na kaka yao mkubwa akiwapo. Nilitegemea kwamba ataona aibu na kutia saini mara moja. Haikuwa hivyo.

"Shemeji," alisema, "mimi nakuheshimu, na duka najua umelijenga kwa mikono yako. Lakini niliitwa nikaja. Kama kampuni ingepata matatizo, mkurugenzi angeulizwa, na mimi ni mkurugenzi. Niliweka jina langu wakati hamna kitu. Leo kipo, mnaniambia nitoke mikono mitupu?"

Nilikasirika, lakini niliponyamaza nikaona ana hoja. Jina la mtu si karatasi ya kufutia mikono. Yeye alitukopesha jina lake, nasi tulilitumia miaka saba bila hata kumwambia asante.

Kaka mkubwa alituongoza vizuri. Tukakubaliana kwamba shemeji abaki na hisa 10 na kunihamishia 30. Mume wangu naye akaniongezea 10. Yeye akabaki na 50, mimi nikawa na 40, shemeji 10. Niliingizwa kuwa mkurugenzi. Wakili aliandaa hati za kuhamisha hisa, ushuru wa stempu ukalipwa, na mabadiliko yakapelekwa kwa Msajili. Ndipo kampuni ikaandikisha rasmi jina la biashara, na safari hii fomu niliisaini mimi.

Siku tulipopata cheti, nilikipeleka benki. Yule kijana alikuwapo. Alitoa nakala, akaiweka kwenye kumbukumbu za akaunti, akasema, "Sasa hata wakiandika Mama Upendo Sare za Shule, tutajua ni ninyi."

Mstari mmoja uliotuokoa

Jambo la mwisho lililofanyika mwaka ule lilionekana dogo. Wakili alitushauri turekebishe mkataba wa pango wa fremu. Ule wa zamani uliandikwa jina la mume wangu peke yake. Mpya ukaandikwa jina kamili la kampuni, likifuatiwa na maneno haya: "inayofanya biashara kwa jina la Mama Upendo Sare za Shule." Mstari mmoja tu. Tukaandika hivyo hivyo kwenye barua zetu, kwenye hati za mzigo na kwenye mhuri.

Mwaka 2019 mume wangu alifariki ghafla kwa shinikizo la damu. Sitaeleza mengi, wanaojua wanajua. Tulirudi kutoka mazikoni, na wiki ya tatu mtu mmoja akaja kuniambia kwamba fremu ile ameahidiwa yeye, amekwisha kutoa kilemba, na kwamba mkataba wa marehemu umekufa pamoja na marehemu.

Nilimwomba anisubiri. Nikaingia ndani, nikatoa jalada langu, nikamwonyesha. Mpangaji hakuwa marehemu. Mpangaji alikuwa kampuni, na kampuni haikuwa imekufa. Mkurugenzi wake nilikuwa mimi, nimesimama mbele yake na kanga ya msiba. Alisoma, akaaga kwa heshima, hakurudi tena.

Hisa 50 za mume wangu zilipitia mirathi kama sheria inavyotaka, nazo ziligawanywa kwa utaratibu. Shemeji yangu, yule niliyetaka kumtukana kwa simu, ndiye aliyenisindikiza mahakamani siku zote. Nafikiri lile shauri letu la Pasaka, tulipoelezana ukweli mezani, ndilo lililomfanya asiwe na kinyongo wakati wa msiba.

Nakushauri, mama mwenzangu

Sikuandika haya ili ukamgeukie mumeo kwa tuhuma. Nimeandika ili mkae mezani. Na mkikaa, mtazame mambo haya.

Kwanza, jina lililo ubaoni limeandikishwa? Na kama limeandikishwa, ni la nani: lako, la mumeo, la ubia wenu, au la kampuni? Tangu mwaka 2018 maombi hufanywa kwa njia ya mtandao, nawe utahitaji namba yako ya kitambulisho cha taifa. Ukishaandikisha, usiliache jalada likalala. Lipa ada zinazotakiwa kwa wakati, na mabadiliko yoyote yapeleke.

Pili, usidhani kwamba cheti cha jina la biashara kinakulinda kwa kila kitu. Kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Ukitaka kuzuia wengine wasibandike jina au nembo yako kwenye bidhaa zao, hiyo ni alama ya biashara, nayo ina sheria yake ya mwaka 1986 na maombi yake ya pekee.

Tatu, kwenye mikataba, risiti na barua, andikeni majina yote mawili. Sheria ya Makampuni yenyewe inataka jina kamili la kampuni lionekane kwenye barua na hati zake. Mteja asiachwe akibahatisha. Siku hizi watu wanalipa kwa simu, na kabla fedha haijaondoka jina hujitokeza kwenye kioo. Ukiwa na bango la jina moja na namba ya malipo yenye jina lisilojulikana, mteja mwangalifu ataizima simu yake na kwenda duka la pili. Nimeona yakitokea. Sisi tumebandika karatasi kando ya namba yetu: "Ukilipa utaona jina hili. Ni sisi."

Nne, na hili ndilo nalisisitiza, soma jalada la kampuni yenu kwa macho yako. Usiridhike na cheti kilicho kwenye fremu ya kioo, kwa maana cheti hakitaji wenye hisa. Tafuta ukurasa wa wenye hisa na wakurugenzi. Kama haumo, uliza kwa upole, lakini uliza. Kama umo, nawe ujue unabeba nini, kwa sababu mkurugenzi ana wajibu, si heshima tu.

Mithali imeliweka jina jema juu ya mali nyingi, nami nimelisikia neno hilo likihubiriwa tangu utoto. Nilifikiri linahusu sifa peke yake, yale watu wanayosema juu yako sokoni. Sasa naona kwamba jina jema ni pamoja na lile linalokubali kuulizwa, "Ni nani anayesimama nyuma yako?" na likajibu bila kujificha.

Leo Upendo ni mama wa watoto wawili, na yuko nami dukani kama mkurugenzi mwenzangu. Wateja wapya wakimkuta kaunta humwita yeye Mama Upendo. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha. Siku hizi anaitika tu, anawapimia watoto wao sketi, na risiti inapotoka anawaonyesha jina la kampuni kwa kidole, na kuwaambia, "Hawa nao ni sisi."

Wewe bahasha yenu iko wapi? Kama iko chini ya mashuka, itoe leo jioni, watoto wakishalala.